Karanga ni zao la nini? Maswali yenu kuhusu utangulizi wa insha za historia

Mitihani imekaribia na meseji zimejaa. Leo najibu zinazohusu utangulizi tu, maana ndipo wengi wenu mnaponichosha kabla sijafika hoja ya kwanza.

Shikamoo mwalimu. Tumezoeshwa kuanza insha kwa kutoa maana ya maneno ya kwenye swali. Ni kosa? (Kidato cha Nne, Mpwapwa)

Marahaba. Si kosa kama neno lenyewe lina ubishi. Ukiulizwa kama Ujamaa ulifanikiwa, lazima useme unamaanisha Ujamaa upi. Lakini majuzi nilisahihisha insha za swali lililouliza kwa nini mradi wa karanga wa Kongwa ulishindwa, na karatasi ya kwanza kabisa ikaanza hivi: "Karanga ni zao la chakula na biashara. Kongwa ni wilaya iliyopo mkoa wa Dodoma." Mistari miwili imekwenda, na swali bado halijaguswa. Mtu wa Dodoma anaelezwa Kongwa iko wapi!

Mwanafunzi yuleyule alikuwa na hoja nzuri huko chini. Nilimwita, tukazipandisha juu, ikawa hivi:

"Mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947 haukuuawa na ukame peke yake. Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, iliuharakisha kabla ya kuzielewa vizuri mvua na udongo wa Ugogo. Ndiyo maana mashine zilikwama kwenye ardhi ngumu, gharama zikapanda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa."

Soma tena taratibu. Haraka ya Uingereza ni aya, mvua na udongo ni aya, mashine ni aya, gharama nayo ni aya. Huo ndio msimamo wako, na msahihishaji ameshajua unakompeleka. Tena neno "peke yake" limemwambia kwamba unajua kuna wanaolaumu ukame, na wewe umeupima ukaona hautoshi. Kaneno kadogo, kazi kubwa.

Utangulizi uwe na mistari mingapi? (Manyoni)

Minne hadi sita. Ukijikuta unageuza ukurasa ungali kwenye utangulizi, umeshapotea njia.

Swali likisema "eleza sababu sita", msimamo wa nini tena? Si naorodhesha tu? (Kidato cha Sita, Kondoa)

Sababu sita hazina uzito mmoja, hata kama kila moja ina alama zake. Chukua vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Wengi huandika kodi, kazi za lazima, pamba, ukatili wa maakida, kila moja imesimama kivyake kama nguzo za umeme. Mimi ningeanza hivi: pamba ya lazima ndiyo iliyowasha moto Umatumbi Julai 1905, ila maji ya dawa ya mganga Kinjekitile Ngwale ndiyo yaliyouvusha mpaka kwa watu wenye manung'uniko mengine kabisa, wakiwemo Wangoni. Sababu zako sita bado zipo zote. Sasa zina mpangilio: zilizowasha na zilizosambaza.

Hoja ninazo kichwani, ila mtihani ni wa Kiingereza, naishia kunakili sentensi za madesa (notisi za kukariri). Nifanyeje? (Dodoma Mjini)

Andika msimamo wako kwa Kiswahili kwanza, kwa penseli, kama unavyobishana na mwenzako kwenye daladala. Sentensi moja tu: "Ilikuwa hivi kwa sababu hii." Kisha igeuze kwa Kiingereza unachokimiliki, kifupi, halafu futa ile ya penseli. Sentensi za desa huwa nazitambua kwa sababu karatasi kumi zinakuja nazo, hata kosa la tahajia ni lilelile.

Bibi hutusimulia njaa ya Mtunya aliyoisikia kwa mama yake. Naweza kuitumia kwenye swali la athari za Vita Kuu ya Kwanza? (Bahi)

Itumie, tena mlangoni kabisa. Karibu kila mtu atafungua na 1914 na mauaji ya kule Sarajevo. Wewe fungua hapa: kwa Wagogo vita haikuisha 1918, kwa sababu majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ukame ukafuata, na njaa ya Mtunya ikaendelea mpaka 1920. Msimamo utakuwa kwamba athari kubwa ya vita Afrika Mashariki iliwapata wasioshika bunduki. Simulizi ya bibi iweke kwenye aya ya njaa, na useme wazi kwamba ni masimulizi ya familia. Kabla ya likizo kuisha, muulize walikimbilia kijiji gani na walikula nini. Andika jibu lake lilelile, kwa Kigogo kama alivyosema.