Ukisikia "Hajime" Mikono Inakufa

*Shikamoo kocha. Nina miaka 19, nacheza judo, kilo 57, niko Tanga. Mazoezini nawaangusha hata wavulana wa kilo 60. Siku ya mashindano napata tumbo joto tangu alfajiri, na mwamuzi akisema "hajime" (anzeni) mikono inakuwa mizito kama nimeshinda nikichota maji. Mashindano mawili mfululizo nimetolewa mechi ya kwanza. Kaka yangu ananiambia nijiamini. Najiamini vipi?*
*Binti wa Tanga*

Marahaba mwanangu. Kaka yako anakupenda, ila "jiamini" si zoezi. Sijaona mtu akapiga jiamini kumi, akapumzika, akapiga kumi nyingine.

Mimi nilicheza kilo 66 kwa miaka tisa. Mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Zanzibar, nilirushwa kwa uchi-mata, mtupo wa kufagia paja kwa ndani, kabla sijamtazama mwenzangu vizuri usoni. Rafiki yangu alirekodi kwa simu: sekunde 14. Niliitazama ile video usiku kucha pale tulipolala, na kilichonishangaza si kuanguka, ni vidole vyangu. Nimeung'ang'ania ukosi wa gi yake, yaani vazi la judo, kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Huo ndio uzito unaousema. Mwenye hofu hukunja ngumi bila kujua, na misuli ya mkono ikikazwa muda wote damu haipiti sawasawa; dakika moja tu, mkono unawaka moto. Unadhani woga uko moyoni, kumbe umehamia vidoleni. Basi anzia huko. Shika kwa kidole kidogo na cha pete, gumba na shahada vilegee. Kaza pale unapovuta, kisha achia. Fanya hivyo kila siku kwenye uchi-komi (kurudiarudia kuingia kwenye mtupo bila kumwangusha mwenzako), si siku ya mashindano.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mazoezini mnaanzaje randori, yale mapambano ya kujifunzia? Nabashiri mnaanza mmeshashikana, maana dojo (kumbi za mazoezi) nyingi ninazozijua ni hivyo. Sasa zile sekunde kumi za kugombania mshiko, ambazo ndizo zinazokutoa wewe, hujawahi kuzifanyia mazoezi hata siku moja. Mwombe mwenzako msimame kwenye alama zenu, muiname, mmoja aseme "hajime", mpigane sekunde kumi, "mate" (simameni), mrudi. Mara ishirini, siku mbili kwa wiki. Na ujipe kazi moja tu ya kufanya ndani ya hizo sekunde. Yangu ilikuwa: mkono wa kushoto upate mkono wa gi yake, mguu upige hatua moja kulia. Kushinda sikukuweka humo. Ukiwa na kazi ndogo hivyo, kichwa hakipati nafasi ya kuuliza nani amekaa jukwaani.

Hiyo "mate" nayo itumie. (Watoto ninaowafundisha hucheka kila nikiisema, wanadhani namwamuru mtu ateme.) Kwenye mashindano ya kimataifa kocha wako anaruhusiwa kusema nawe wakati huo tu. Rudi kwenye alama yako kwa kutembea, toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, mkanda uliolegea ufunge bila pupa. Usiufungue makusudi, hiyo ni shido, yaani adhabu. Kubalianeni na kocha wako neno moja tu atakalokwambia, maana nimeona makocha wakihutubia kama wako kwenye kampeni.

Kuhusu kujiona kwenye mawazo: Mmarekani Kayla Harrison alikuwa akijiona kila usiku akishinda Olimpiki, na akachukua dhahabu ya kilo 78 London mwaka 2012, tena Rio mwaka 2016. Sibishani na dhahabu mbili. Lakini kwa hali yako mimi ningekwambia uone mabaya kwanza. Jione umeshafungwa waza-ari (alama ya nusu ushindi), saa imebaki dakika moja, gi imelowa, na unatembea kurudi kwenye alama. Unashika wapi? Jione dakika nne zimekwisha na mnaingia muda wa nyongeza. Desemba 2020, kule Kodokan mjini Tokyo, Hifumi Abe na Joshiro Maruyama waligombea nafasi moja ya Japani ya kilo 66 kwenye Olimpiki kwa dakika 24. Hao hawakushangaa dakika ya tano ilipofika.

Na swali moja hukuniandikia jibu lake: unapunguza kilo ngapi kufika 57? Kama siku mbili kabla huli wala hunywi, hilo tumbo joto la alfajiri ni njaa, wewe umeliita woga. Hamia kilo 63 msimu mmoja, uone.

*Kocha, mwanangu wa miaka 12 akishindwa mechi analia hadharani, mpaka naona aibu. Nimkanye?*
*Mama Sudi, Mombasa*

Usimkanye, dada yangu. Paris mwaka 2024, Uta Abe wa Japani, bingwa mtetezi wa Olimpiki kilo 52, aliangushwa raundi ya pili na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan, ambaye ndiye aliyeondoka na dhahabu. Uta alilia kwa sauti, ameshikwa na kocha wake, ukumbi mzima ukamsikia, na watazamaji wakaanza kuliita jina lake. Siku hiyohiyo kaka yake Hifumi, ndiye yule wa dakika 24, akashinda ya kwake.

Mtoto nimemwekea sharti moja tu dojoni kwangu: uiname kwanza, utoke kwenye tatami (mkeka wa kuchezea), kisha ulie unavyotaka. Nawe ukimpokea, usianze na "ungefanya hivi". Mpe maji, mmenyee chungwa, mkae. Yule aliyemwangusha usimtaje mpaka kesho. Akimtaja mwenyewe njiani, msikilize, kwa kuwa hapo ndipo atakapokueleza alishikwa wapi.