Wakristo na Mayahudi chini ya dola ya Uthmania walikuwa na hukumu gani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tumebishana barazani kuhusu Wakristo na Mayahudi waliotawaliwa na dola ya Uthmania. Mmoja anasema walikuwa sawa na Waislamu kwa kila kitu. Mwingine anasema Muislamu akimuua Mkristo hakuwa akiuawa, na hilo kalisoma katika vitabu vya Kishafii. Nani kasema kweli?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Wote wawili wamekosea. Huyo wa pili kasoma vizuri, ila kaichukua fiqhi yetu ya mwambao akaipeleka Istanbul, na kule makadhi walihukumu kwa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa.

Kwa Imamu Shafii, Muislamu hauawi kwa kumuua dhimmi (asiye Muislamu anayeishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu), na diya (fidia ya damu) ya Myahudi au Mkristo ni theluthi ya diya ya Muislamu. Hilo halimaanishi kuwa damu yake ni halali. Mtume (s.a.w.) amesema, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba mwenye kumuua mtu mwenye ahadi hatoinusa harufu ya Pepo. Mahanafi wao wanasema kisasi kipo, na diya ni moja. Kwa hiyo katika damu, sheria ya Uthmania ilikuwa karibu zaidi na usawa kuliko vitabu tunavyosomeshwa hapa.

Pasipokuwa na usawa hasa ni kwenye ushahidi. Mahanafi wanakubali dhimmi amshuhudilie au amshuhudie dhimmi mwenziwe, lakini si dhidi ya Muislamu. Chukua Mkristo aliyemkopesha Muislamu mbele ya mashahidi Wakristo watupu. Muislamu akikana deni, mdai hana bayana (ushahidi wa kuthibitisha dai); lililobaki ni kumtaka mdaiwa aape, na akiapa kesi imekwisha. Ndiyo maana wenye akili walitafuta mashahidi Waislamu tangu siku ya kupeana fedha, au wakaenda kwa kadhi, mkataba ukaandikwa daftarini, nao wakapewa hati mkononi. Wengi walikwenda kwa kadhi hata kwa mirathi na ndoa, ingawa walikuwa na mapadri na marabi wao wa kuwaamulia.

Jizya, kodi ya kichwa ya wasio Waislamu, ilimlazimu mwanamume baleghe, muungwana (asiye mtumwa), mwenye uwezo. Wanawake, watoto, vipofu na fukara asiye na kazi hawakudaiwa. Kiwango cha Kihanafi ni dirhamu 12 kwa mwaka kwa maskini mwenye kazi, 24 kwa wa kati na 48 kwa tajiri. Shida ilikuwa kwenye ukusanyaji: kwa muda mrefu sehemu nyingi zilitozwa kwa hesabu ya kaya, hivyo watu wakifa au wakihama, waliobaki kijijini walibeba mzigo wa waliotoka. Mwaka 1691 dola ikarudi kwenye fiqhi, kila mtu na kichwa chake, kwa sarafu 1, 2 au 4 za dhahabu.

Makanisa ya zamani yaliruhusiwa kukarabatiwa kwa kibali, bila kuongezwa, na kujenga jipya kimsingi kulikatazwa.

Kuna jambo moja ambalo sioni namna ya kulitetea, nalo ni devshirme: kuwachukua watoto wa kiume wa Kikristo, hasa wa Balkani, wakasilimishwa na kufanywa askari na watumishi wa sultani. Wazazi wao walikuwa na dhimma (ahadi ya ulinzi), na dhimma inalinda nafsi na watoto kama inavyolinda mali. Mwenyezi Mungu anasema hapana kulazimishwa katika dini (2:256). Ile ilikuwa kanuni ya masultani, na mtu akiiita sharia mwambieni alete dalili.

Huo usawa anaoutaja mwenzenu wa kwanza ulitangazwa kwa amri za sultani, ya 1839 kisha ya 1856. Jizya ikaondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya kujikomboa na utumishi wa jeshi, ambayo nayo ilidumu hadi 1909, walipoanza kuandikishwa jeshini kama wengine. Akitaja usawa wa kabla ya hapo, muulizeni kuhusu ushahidi.

Wallahu aalam.