Usiipeleke hiyo barua: nami nilidhani napenda nyumbani

Usiipeleke hiyo barua ya kuomba kufanyia kazi nyumbani siku zote. Wachangiaji walionitangulia wamekupa pole na kukusifu kwa ujasiri wa kuuliza, nami sina nafasi ya hayo, kwa sababu nimesoma maelezo yako mara tatu na kila mara nimejiona mwenyewe nilivyokuwa miaka sita iliyopita, nikitunga barua kama hiyo na kuamini upuuzi uleule. Umeuliza mambo mawili: kwanza, kama kupenda kwako kukaa nyumbani ni hulka tu au ni hofu ya kutoka, pili, uwaambie nini ndugu na marafiki wanaokualika ili wasidhani unawadharau. Hilo la pili sitalijibu leo. La kwanza umelijibu mwenyewe bila kujua, pale ulipoandika kwamba mwaliko ukifutwa "unapumua".

Anayepumua ni yule aliyekuwa amebanwa. Mtu anayependa nyumbani, mwaliko ukifutwa, hufurahi kidogo kama aliyeongezewa saa mbili za kusoma kitabu chake, kisha anaendelea na shughuli zake. Ukimwambia kwamba kesho ni lazima atoke, atanung'unika, atatoka, atarudi amechoka na atalala. Mwenye hofu akiambiwa jambo hilohilo hapati usingizi usiku huo: hupanga atakaa kiti gani, mlango wa kutokea uko upande gani, nani atakuwa karibu akizidiwa, na uongo gani utafaa asubuhi iwapo miguu itagoma. Wewe umesema kwamba kila ukienda kwenye mkutano hukaa kando ya mlango "ili usiwasumbue watu wakati wa kutoka". Hata mimi nilikuwa mstaarabu wa aina hiyo. Ustaarabu wangu ulifikia hatua ya kutohudhuria kabisa, ili nisimsumbue mtu yeyote popote.

Kwangu ilianzia kwenye foleni. Nilikuwa mtu wa nne kutoka dirishani, sina haraka, sina ugomvi na mtu, mara moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya mtungi, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa. Niliacha zamu yangu nikakimbilia nje. Daktari alinipima moyo, damu na tezi ya shingoni, na hilo nawe lifanye mapema, maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, au mapigo ya moyo yakiwa na hitilafu, dalili huweza kufanana. Vipimo vyangu vilikuwa safi. Akanieleza kwamba lile lilikuwa wimbi la hofu kali, ambalo hupanda hadi kileleni kwa dakika chache kisha hushuka lenyewe, akaniandikia jina la mtaalamu wa saikolojia. Nilikikunja kikaratasi hicho vizuri nikakitia kwenye droo, kisha nikaenda kutafuta mtu wa kuniambia ninachotaka kusikia.

Nilimpata. Alikuwa mshauri wa intaneti mwenye sauti ya asali, aliyekuwa akiuza mfululizo wa masomo ya kurekodiwa kuhusu watu wakimya, na sijui kama ni kweli anawajua watu wakimya, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kunyamaza hata dakika moja. Alifundisha kwamba wapo watu wanaopata nguvu kwa wenzao na wapo wanaozipata katika upweke, na kwamba kumlazimisha mtu wa kundi la pili kutoka nje ni kumdhulumu. Kila baada ya dakika kumi alimtaja Carl Jung, ambaye kweli ndiye aliyeieneza tofauti hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1921. Lakini Jung alikuwa akieleza nafsi inakoelekeza nguvu zake, ndani au nje. Hakuwa akimweleza mtu anayetokwa jasho kwa kushika kitasa. Yule mshauri hakuniuliza hata mara moja mwili wangu unafanya nini ninapovaa viatu. Angeniuliza hilo, pengine nisingekuwa naandika haya. Badala yake alinipa jina zuri la ugonjwa wangu, akaniambia niitetee amani yangu, akapokea malipo. Simsamehei, na wanaoniambia nimsamehe hawajawahi kulipia usingizi wao kwa awamu.

Ugonjwa wenyewe una jina la siku nyingi. Carl Westphal, daktari wa akili wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1871 akauita agorafobia, kwa neno la Kigiriki la uwanja wa soko na mikutano, baada ya kuona wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya wazi au kupita katika mitaa mitupu. Alibainisha kwamba walipata nafuu wakiwa na mtu wa kuwasindikiza, na hata fimbo mkononi iliwatuliza. Niliposoma habari ya ile fimbo nilicheka peke yangu, kwa sababu yangu ilikuwa chupa ya maji. Sikuwa na kiu, nilikuwa na chupa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 unataja mazingira matano: vyombo vya usafiri wa umma, maeneo ya wazi, sehemu zilizofungwa, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Hofu ikishika mawili kati ya hayo, ikadumu kwa kawaida miezi sita au zaidi na kuvuruga maisha, inahesabiwa kuwa ugonjwa. Mimi nilipata yote matano, na huo ndio mtihani pekee niliowahi kupata alama zote.

Sasa nirudi kwenye barua, kwa sababu hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Hofu yenyewe haikuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba niliyapanga maisha yangu yote ili nisilazimike kukutana nayo. Ombi langu lilikubaliwa ndani ya wiki moja, nikasherehekea. Mwezi wa kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliowajua, ingawa wakati huo nilikuwa nimebaki najuana na wachache. Kisha mduara ukaanza kujikaza. Nilipoacha kwenda ofisini, safari ya kituoni ikawa ngumu. Nilipoacha kwenda kituoni, duka la mwisho wa mtaa likawa mbali. Nilipoanza kuletewa kila kitu, lango lenyewe likawa mpaka, na siku moja nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango nikisubiri aliyeleta mzigo aondoke ndipo nifungue. Viatu vyangu vilibaki vipya muda mrefu kiasi kwamba gundi ya soli ndiyo iliyokata tamaa kwanza.

Mtaalamu alinieleza baadaye kwa nini. Kila unapogeuka na kurudi ndani, hofu hushuka papo hapo, na akili hujifunza kwamba kurudi ndiko kulikokuokoa. Haipati nafasi ya kugundua kwamba hofu ingeshuka hata kama ungebaki palepale. Kwa hiyo kila safari unayoifuta huifanya inayofuata kuwa nzito zaidi, nawe unaona unapumzika.

Mwaka wa tatu mama yangu alitolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikuwa mfupi, angerudi siku hiyohiyo, lakini jicho lingefunikwa na hakutakiwa kuondoka peke yake. Aliniomba mimi. Nilijiandaa tangu alfajiri, nikavaa shati, nikachukua chupa yangu, nikafika langoni. Nilisimama hapo dakika arobaini. Naikumbuka komeo ile: ilikuwa na kutu upande wa chini, na rangi ya kijani iliyobanduka kwa umbo la jani, kwa sababu niliitazama kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Kisha nilimpigia simu nikasema gari nililopanda limeharibika. Aliniambia, "Usijali mwanangu, nitasubiri." Alisubiri kwenye benchi hadi jioni, jicho moja limefungwa, hadi jamaa wa mgonjwa mwingine alipojitolea kumfikisha nyumbani. Hakuwahi kunilaumu. Wiki iliyofuata aliniuliza tu, kwa upole, lile gari lilikuwa na tatizo gani, nami nikamtajia kifaa cha injini ambacho sidhani kama kipo.

Kikaratasi cha daktari kilikuwa bado kwenye droo.

Kanuni niliyotoka nayo ni moja, nami sitakuuzia kwa mfululizo wa masomo: safari unayoruhusiwa kuifuta ni ile usiyoiogopa. Ukichoka, ukiwa na kazi, ukiona tu kwamba leo kitanda ni kitamu kuliko watu, baki nyumbani bila kumwomba mtu radhi. Lakini ikiwa sababu ya kubaki ni hofu, siku hiyo huna haki ya kubaki. Ukiitumia kanuni hii kwa mwezi mmoja hutahitaji mtu yeyote wa kukwambia kama una hulka au una hofu, kwa sababu mpenda nyumbani ataona haimgusi, nawe utaona inakukaba koo.

Ndivyo nilivyotibiwa, ingawa kwa hatua ndogo ndogo na nikiwa na mtaalamu pembeni. Siku za kwanza kazi yangu ilikuwa kusimama nje ya lango, nikikadiria hofu kwa namba kutoka sifuri hadi kumi, na masharti yalikuwa nisirudi ndani ikiwa bado inapanda. Niliyetegemea kuzimia sikuzimia. Baadaye ikawa kona ya mtaa, kisha kituo kimoja cha basi, kisha vituo vitatu, na hatimaye basi bila chupa, ambayo ndiyo safari iliyoniliza. Dawa pia zipo, na wapo wanaozihitaji, lakini hilo ni la daktari wako. Usimeze vidonge vya kutuliza vya jirani kwa kuwa vilimfaa yeye.

Kazi ya nyumbani yenyewe sina ugomvi nayo. Iombe siku ambayo kwenda ofisini hakukutishi, ili uichague badala ya kujificha ndani yake. Kwa sasa, hiyo harusi ya mwenzako ya Jumamosi, ambayo tayari umeitungia homa, nenda. Kaa katikati ya safu, mbali na mlango. Wimbi likipanda, kaa nalo. Likishashuka unaweza kuondoka hata kama ni baada ya nusu saa. Na barua uiache mezani hadi Jumatatu, kisha uisome upya kwa sauti. Yangu bado ninayo. Ina aya nne, neno "utulivu" limo mara saba, "tija" mara tano, na "hofu" halimo hata mara moja.