Banda Tupu, Mwembe Umejaa Kuku

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kuku wachanga na usiku. Nimechukua haya.

Nina kuku chotara kumi na wanne wa miezi mitatu. Banda zuri la mbao na bati lipo, lakini jua likizama wote wanapanda mwembe. Nawatupia mawe, wanapanda juu zaidi. Nifanyeje? (Msomaji, Kibaha)

Kwanza weka mawe chini, dada. Kuku anayetupiwa mawe magharibi anajifunza kitu kimoja tu, kwamba matawi ya juu ndiyo salama. Kuku hulala alikolala jana. Ukimpa usiku kadhaa mfululizo ndani ya banda, miguu yake itampeleka yenyewe.

Leo subiri giza liingie barabara, saa mbili hivi. Gizani kuku haoni vizuri, anachumika kama embe. Tafuta ngazi na kijana mwepesi, washusheni mmoja mmoja na kuwaweka juu ya fito bandani. Asubuhi usiwafungulie. Wakae humo siku tano hadi saba, usiku na mchana, na maji na chakula chao. Ila angalia joto: banda la bati Kibaha saa nane mchana ni tanuri. Tandaza makuti juu ya bati na uache nafasi ya wavu pande mbili hewa ipite. Watalalamika, na majirani watauliza kulikoni. Vumilia. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wiki hii ya kufungiwa ndiyo kamba yenyewe, tofauti ni kwamba haikati mguu.

Siku ya kuwaachia, fungua saa kumi na moja jioni kabla hawajapewa chakula cha jioni. Watazunguka nje kwa saa moja hivi. Halafu tikisa kopo la chenga za mahindi na uzimwage ndani. Kesho yake fungua mapema kidogo, na hivyo hivyo. Wabishi wawili watatu watarudi mwembeni. Washushe tena usiku. Na lile tawi la chini wanalolitumia kama ngazi, likate.

Vifaranga wangu wana wiki tatu. Niwahamishie banda kubwa? (Msomaji, Muheza)

Bado. Ngoja wapate manyoya kamili, kwa kawaida wiki ya sita, kisha uwafungie kama nilivyoeleza hapo juu. Wenye mama hawana shida, watamfuata. Wa bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga bila mama) hawana wa kumfuata, kwa hiyo wawekee humo vijiti vya chini, kimo cha kiganja, waanze kuvizoea kwa kuvichezea.

Wanaingia wenyewe lakini wanarundikana kwenye kona, chini. Asubuhi nimekuta mmoja amekufa. (Msomaji, Njombe)

Njombe kuna baridi, na kuku wadogo wakisikia baridi au wakishtuka hulaliana. Wa chini hukosa pumzi. Ongeza maranda, ziba upepo unaopita usawa wa sakafu (madirisha ya juu yaache), na kona zizibe kwa vipande vya mbao ili ziwe za mviringo. Fito ziwe kimo cha sentimita 30 hivi kwa kuanzia, kila kuku apate nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Mti wenye unene wa kushikika unafaa. Bomba la plastiki wanateleza, hata kama fundi amekwambia ni la kisasa. Kisha kwa jioni kadhaa wapandishe kwa mkono.

Walikuwa wanalala ndani bila shida. Ghafla wiki hii wanasimama mlangoni, hawaingii. (Msomaji, Kilosa)

Kuku akikataa nyumba aliyoizoea, muamini. Ingia na tochi saa tatu usiku, ukague chini ya fito na kwenye nyufa. Ukikuta vijidudu vyekundu au vya kijivu vinatembea, hao ni utitiri: mchana hujificha, usiku huja kunyonya damu. Toa fito zote, zimwagie maji yanayochemka, zianike juani, nyufa zipake chokaa. Utitiri wakirudi tena, muone mtaalamu wa mifugo akupe dawa. Kama si utitiri, tafuta tundu. Nyoka au kicheche akipita usiku mmoja tu, kuku hawasahau upesi.

Je, taa inasaidia?

Inasaidia pale ambapo ndani ni kweusi kuliko nje, maana kuku haingii asikokuona. Taa ndogo ya sola nusu saa kabla ya magharibi inatosha. Wakishapanda, zima.

Mitetea wangu wanalala ndani ya viota vya kutagia, mayai yananuka kinyesi.

Viota vyako viko juu kuliko fito. Kuku hutafuta pa juu. Vishushe, na kwa wiki mbili vizibe kila jioni kwa gunia, uvifungue alfajiri.

Na kanga, wanafundishika? (Msomaji, Pangani)

Waliototolewa na kuku na kulelewa bandani, angalau baadhi yao. Ukinunua wakubwa, utahangaika. Mimi ninao watatu. Nimewafungia wiki mbili, nimetikisa kopo mpaka mkono umeuma, na ninavyoandika hapa wako juu ya mnazi wa jirani.