Rezista sambamba: kisia kwanza, kikokotoo baadaye

Vijana wanaokuja karakana yetu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawapa rezista mbili (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme), ya omu 100 na ya omu 150, nikiwa nimeziunga sambamba, yaani ubavu kwa ubavu, mkondo ukigawanyika kati yake. Nawauliza jumla ya ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia mkondo, kinachopimwa kwa omu, bila kikokotoo. Wapo wanaojibu 250, yaani wamejumlisha kama za mfululizo, zilizofuatana moja baada ya nyingine. Wapo wanaosema 125, wamechukua wastani.

Majibu yote mawili unaweza kuyakataa kabla hujagusa kalamu. Ukiunga sambamba unauongezea mkondo njia ya kupita, kwa hiyo ukinzani wa jumla lazima uwe chini ya ule wa rezista ndogo kuliko zote. Hapa, chini ya 100. Na kama zote mbili zingekuwa za 100, jibu lingekuwa nusu, 50. Basi jibu letu liko kati ya 50 na 100. Sasa ndiyo ukokotoe: 100 mara 150 ni 15,000, gawanya kwa jumla yao, 250, unapata omu 60.

Njia hiyo ya kuzidisha kisha kugawanya kwa jumla ni ya rezista mbili tu. Ijaribu kwa tatu za omu 30: 27,000 gawanya kwa 90 ni 300! Jibu sahihi ni 10. Zikiwa tatu au zaidi, ama uziunganishe mbilimbili, ama utumie kanuni yenyewe: 1/R = 1/R1 + 1/R2 + 1/R3, R ikiwa ukinzani wa jumla, na R1, R2, R3 ukinzani wa kila rezista. Kwa mfano wetu unapata 0.1, na hapo ndipo wengi huishia wakidhani wamemaliza. Hiyo bado ni 1/R. Gawanya 1 kwa 0.1, ndipo upate 10.

Zikiwa zinalingana, gawanya thamani ya moja kwa idadi yake. Hili linaokoa sana dukani wanapokwambia rezista ya wati kubwa imekwisha. Rezista kumi za omu 1,000, kila moja ya robo wati, zikiungwa sambamba zinakupa omu 100 inayohimili wati 2.5, maana joto linagawanyika sawasawa. Zisipolingana usitegemee mgawanyo huo. Weka ya 100 na ya 1,000 kwenye volti 10: ndogo inachoma wati 1, kubwa sehemu ya kumi ya wati. Zikiwa zote za robo wati, ndogo ndiyo itakayoungua.

Lakini mahali hesabu hii inaponisaidia zaidi ni kwenye kupima, wala si kwenye karatasi. Zima kifaa, hakikisha kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zimeisha chaji, kisha pima rezista ikiwa bado kwenye bodi. Mita inasoma rezista hiyo pamoja na kila kilichoungwa nayo sambamba, kwa hiyo kusoma chini ya thamani yake ni kawaida. Ya omu 1,000 ikisoma 640, usikimbilie kuitupa: chomoa mguu mmoja upime tena. Ikisoma 1,800 ikiwa bado kwenye bodi, hakuna cha sambamba kinachoweza kuipandisha hivyo. Hiyo badilisha.