Jodari, ndimu na chupa ya jirani

SWALI: Asalaam aleikum. Ijumaa tulikwenda kula kwenye mkahawa mmoja hapa Malindi wenye soko lake la samaki pale mlangoni: unachagua, unapimiwa, unapikiwa. Mimi na wifi yangu tulikula jodari wa kuchoma, mume wangu akala pweza. Haikufika nusu saa, sisi wawili nyuso zikawa nyekundu zinawaka, moyo mbio, kichwa kinagonga. Mume wangu hakupata kitu. Mwenye mkahawa anasema samaki aliiva na alikamuliwa ndimu, basi huo ni mzio wetu. Jirani kaniletea chupa ya dawa ya kusafisha damu na kunishauri niache samaki maisha. Nifanyeje?
— Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Damu yako haina uchafu wowote. Halafu niambie, mzio gani huo unaowapiga watu wawili wasio wa damu moja, usiku mmoja, sahani moja?

Hiyo ni histamini, kemikali inayowasha uso na kukimbiza moyo mfano wa mzio. Nyama ya jodari, nguru, vibua, na hata fulusi ina histidini nyingi, kijenzi kimojawapo cha protini. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza ikawa histamini. Pweza hayumo kwenye kundi hilo, ndiyo maana mumeo alilala salama.

Sasa hilo la "aliiva". Nimelisikia mpaka masikio yamechoka. Moto huua bakteria, lakini histamini waliyokwisha kuitengeneza haitoki kwa moto. Mchome, mkaange, mpake nazi, mtie friza, mtie hata kwenye mkebe: iko pale pale. Ndimu je? Ndimu inakata shombo, basi. Tena samaki wa namna hii anaweza asinuke kabisa. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo, na hicho hupimwa maabara, si kwa pua ya mpishi.

Kosa hutokea mapema, mara nyingi kabla samaki hajafika mkahawani. Jodari anayevuliwa alfajiri akalazwa kwenye sakafu ya mashua mpaka adhuhuri, kisha akapangwa vizuri juu ya barafu ya soko, ni sawa na asiyeoga kuvaa kanzu iliyopigwa pasi. Barafu huzuia histamini isiongezeke. Iliyokwisha kuingia haiitoi. Anatakiwa apoe mpaka nyuzi 4 au chini ya hapo, upesi, tangu atoke majini. Lakini barafu ina gharama, na ndimu ni rahisi.

Migahawa yenye soko lake mimi naipenda, maana unaona kabla hujala. Ila watu wanakodolea macho ya samaki wakasahau barafu. Samaki azikwe ndani yake. Akilazwa juu tu, mgongo wake uko Malindi na joto la Malindi. Kwa hali yetu ya hewa, hesabu kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Uliza alitiwa barafu saa ngapi, baharini au baada ya kushushwa. Muuzaji akikasirika, umeshajibiwa. Vipande vya nguru vilivyokatwa tangu asubuhi, mimi binafsi sivigusi.

Kwa hali yako, kwa kawaida dalili huisha ndani ya siku moja, na dawa za antihistamini husaidia. Ukimwona daktari, mwambie aina ya samaki, saa mliyokula, na kwamba mlikuwa wawili. Ukisema "nimewashwa" tu, ataandika mzio. Pumzi ikibana au ulimi ukivimba, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Ikitokea tena kwa samaki uliyemwona akitoka majini, au kwa kamba na kaa, hapo kapimwe mzio kweli. Mabaki ya jodari yule kama yapo, yagandishe na umjulishe afisa wa afya ya umma.

Wauza chupa hawa ndio wananiudhi kuliko wapishi. Ugonjwa unaondoka wenyewe kesho yake, dawa inachukua sifa, mteja anamleta shangazi yake. Nimekutana na akina mama waliowanyima watoto samaki miaka mingi, hapa pwani, kwa ajili ya kibua mmoja aliyepigwa jua.

Wewe kula samaki wako. Hiyo chupa imwage.