Rangi ya Chumba cha Giza kwenye Picha Zilizoskaniwa

Nilipoanza kuskani negativu zangu za nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nilizitia zote hudhurungi moja, kuanzia kivuli kizito cha kizingiti hadi ukuta mweupe wa chokaa. Baadaye fundi picha mmoja mzee wa hapa mjini aliniazima picha tatu alizozisafisha kwa mkono wake, nikaziweka kando ya kompyuta. Katika picha zake weusi ulikuwa bado mweusi, na joto la rangi lilikaa kwenye sehemu za mwanga tu.

Sababu yake imo katika dawa zenyewe ambazo fundi huipa picha rangi kwazo katika chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia picha. Picha ya karatasi ya nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa chembe za madini ya fedha, na dawa huzigeuza chembe hizo, haimwagi rangi juu yake. Katika sepia, yaani ile rangi ya hudhurungi ya picha za kale, picha hufifishwa kwanza kwa dawa yenye ferisianidi ya potasiamu, kisha dawa ya salfaidi huigeuza fedha iliyofifia kuwa salfaidi ya fedha, ambayo ni ya hudhurungi. Kwa kuwa ufifishaji huanzia kwenye sehemu zenye fedha kidogo, yaani zile za mwanga, fundi akiitoa karatasi mapema, vivuli hubaki vyeusi. Dawa ya seleniamu hufanya kinyume: huanzia kwenye giza, huuzidisha weusi, na katika baadhi ya karatasi huupa dalili ya zambarau. Kwa hiyo, kabla ya kugusa rangi yoyote, amua ni dawa gani unayoiiga.

Skani kwa biti 16, yaani kwa ngazi nyingi zaidi za mwanga kuliko biti 8, na uhifadhi faili la TIFF, ambalo halipunguzi ubora wa picha, kwa sababu faili la biti 8 likirekebishwa sana hutoa michirizi, na anga pana la pwani yetu haliifichi. Sawazisha kwanza mwanga na giza mpaka picha iridhishe bila rangi, ndipo uigeuze kuwa ya RGB, yaani ya rangi nyekundu, kijani na buluu. Mimi hutumia GIMP, programu ya bure ambayo tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inamudu biti 16, na ambayo sehemu yake ya kusawazisha rangi hukuruhusu kushughulikia vivuli, toni za kati na sehemu za mwanga kila moja peke yake. Kwa sepia, husogeza sehemu za mwanga kuelekea manjano na wekundu kidogo, toni za kati nusu ya hapo, na vivuli sivigusi kabisa. Nikishafika ninapodhani panatosha, hupunguza tena, maana jicho huizoea rangi upesi.

Karatasi, tena, haina weusi wala weupe wa kioo cha kompyuta. Kwa kipimo cha 0 (weusi kabisa) hadi 255 (weupe kabisa), hupandisha weusi hadi karibu 15 na kushusha weupe hadi karibu 245, lakini kwa picha za kutazamwa kwenye kioo tu. Ukienda kuichapa, karatasi italeta mipaka yake yenyewe, na ukiiongezea ya kwako picha itapauka.

Makaburi ya nguzo ya Kaole, magofu yaliyo karibu na Bagamoyo, nimeyapa rangi ya seleniamu peke yake. Mawe yake ya matumbawe yamejaa vitundu vya giza, na sepia ilikuwa ikiyafanya yaonekane kama udongo.